Kubadilisha Diski Wakati Kompyuta Inafanya Kazi: Masharti, Hatua na Tahadhari

Katika ofisi nyingi zinazohudumia wananchi, kompyuta inayotunza kumbukumbu haizimwi. Seva ya hospitali hupokea majina ya wagonjwa usiku kucha, ya chama cha akiba na mikopo hupokea marejesho ya mwisho wa mwezi, na ya halmashauri hutoa ankara za malipo hata siku ya mapumziko. Diski ya kompyuta ya namna hiyo inapoharibika, swali la kwanza la msimamizi ni iwapo inaweza kutolewa na kuwekwa nyingine bila kusimamisha huduma. Jibu ni ndiyo, lakini kwa masharti matatu: vifaa viwe vimeundwa kwa ajili ya kazi hiyo, mfumo endeshi uwe umearifiwa mapema, na anayechomoa awe na hakika kwamba diski aliyoishika ndiyo iliyokusudiwa.

Sharti la tatu huonekana jepesi kuliko mengine, ilhali ndilo linalogharimu zaidi likikosewa.

Kinachotokea diski inapochomolewa ghafla

Diski ya kawaida ina sahani moja au zaidi zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Baadhi ya diski za seva hufikia mizunguko 10,000 na hata 15,000. Kwa kasi ya 7,200, sahani huzunguka mara 120 kila sekunde. Kichwa kinachosoma na kuandika hakigusi sahani hizo, bali huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu, upenyo mwembamba kuliko unywele kwa maelfu ya mara. Umeme unapokatika, diski za kisasa hutumia nguvu iliyobaki katika mzunguko kukirejesha kichwa mahali pake pa kuegeshea. Kwa sababu hiyo, kukatika kwa umeme peke yake si lazima kuiue diski. Hatari kubwa ni kutikiswa, kugongwa au kugeuzwa ghafla wakati sahani bado zinazunguka, kwani kichwa kikigusa sahani hukwaruza tabaka linalobeba data, na kilichokwaruzwa hakirudi.

Hatari ya pili haionekani kwa macho. Mtumiaji anapobonyeza kitufe cha kuhifadhi na skrini ikaonyesha kwamba kazi imekwisha, si lazima data iwe imefika kwenye diski. Mfumo endeshi huiweka kwanza katika kumbukumbu ya muda, kisha huiandika baadaye kwa mkupuo ili kuokoa wakati. Katika mfumo wa Linux, kwa mpangilio wa kawaida, data inaweza kusubiri humo kwa takriban sekunde 30. Diski yenyewe nayo ina kumbukumbu ndogo ya ndani ambayo hupokea data kabla ya kuiandika kwenye sahani. Kumbukumbu hizo zote mbili hufutika umeme unapokatika.

Hivyo basi, diski ikichomolewa katika kipindi hicho, hasara haiishii kwenye faili lililokuwa likiandikwa. Ikiwa kilichokatizwa njiani ni jedwali linaloonyesha kila faili liko wapi, mafaili ambayo hayajaguswa kwa miezi mingi yanaweza kutoonekana tena. Mifumo mingi ya faili ya sasa hutunza daftari la mabadiliko ili kujirekebisha baada ya tukio kama hilo. Daftari hilo huokoa mpangilio wa diski, lakini halikusudiwi kurejesha maneno au tarakimu ambazo hazikuwahi kuandikwa.

Vifaa vinavyoruhusu na visivyoruhusu

Diski za zamani za aina ya IDE, zinazotambulika kwa mkanda mpana wa nyaya na plagi yenye pini nne nene za umeme, hazikuundwa kuchomolewa kompyuta ikiwa imewaka. Pini zake hazina mpangilio wa kugusana kwa zamu. Isitoshe, diski mbili zilizoea kushiriki mkanda mmoja, hivyo kuichomoa moja huivuruga na ya pili. Kompyuta zenye diski hizo bado zimo katika baadhi ya shule na ofisi. Kwa hizo, kuzima kompyuta na kutoa waya wa umeme ukutani ndiyo njia pekee.

Hali ilibadilika kwa kuja kwa SATA, ambayo toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 2003. Plagi ya SATA ina sehemu mbili: ya data yenye pini 7 na ya umeme yenye pini 15. Anayetazama kwa makini diski ya SATA ataona kwamba baadhi ya pini ni ndefu kidogo kuliko nyingine. Tofauti hiyo ndogo ndiyo siri ya usalama wake. Diski inaposukumwa ndani ya seva iliyoundwa kwa kazi hii, pini za ardhini hugusana kwanza, zikifuatiwa na pini chache zinazoingiza umeme kwa kiasi kidogo, na mwishoni pini zilizobaki. Kwa njia hiyo diski hupata mahali pa kuegemea kiumeme kabla ya kupokea umeme kamili, na diski nyingine zilizo jirani hazitikisiki.

Mpangilio huo hukamilika pale diski inapochomekwa moja kwa moja kwenye ubao wa nyuma wa seva kupitia trei. Diski iliyounganishwa kwa waya wa kawaida ndani ya kompyuta ya mezani haina uhakika ule ule, kwani mkono wa mtu huingiza plagi kwa upande, hutikisa, na wakati mwingine hurudia. Plagi za SATA za waya wa ndani zimepangiwa kuchomekwa na kuchomolewa mara 50 tu, ilhali zile za ubao wa nyuma zimepangiwa mara 500. Kwa kompyuta ya mezani, basi, hata kama kinadharia inawezekana, busara ni kuizima. Dakika tano za kusubiri ni nafuu kuliko kununua ubao mama.

Hata pale plagi inaporuhusu, mipangilio ya kompyuta nayo lazima iruhusu. Lango la SATA linapaswa kuendeshwa kwa utaratibu uitwao AHCI na si ule wa kuigiza IDE. Katika kompyuta nyingi, ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kabla mfumo endeshi haujawaka una kipengele cha kuruhusu uchomekaji kwa kila lango peke yake, na mara nyingi huja kikiwa kimezimwa. Inafaa kukagua jambo hili siku seva inapofungwa, si siku diski inapokufa.

Diski za SAS, zinazotumika zaidi katika seva kubwa, zilibuniwa tangu mwanzo zikilenga kubadilishwa bila kuzima. Kwa upande wa SSD, aina ya M.2, ile inayofanana na kipande kirefu cha ubao kilichofungwa kwa skrubu moja, haifai kuguswa kompyuta ikiwa imewaka. SSD za aina ya U.2, ambazo huwekwa kwenye trei kama diski nyingine, zinaweza kubadilishwa iwapo seva yenyewe imetengenezwa kuliruhusu hilo.

Kuiarifu kompyuta kwanza

Diski inayobeba mfumo endeshi wenyewe haichomolewi, isipokuwa kama ina pacha wake anayeendelea na kazi. Kwa diski ya data, hatua ya kwanza ni kufunga programu zote zinazoitumia. Hifadhidata isimamishwe kwa amri yake rasmi, na wanaotumia mafaili kupitia mtandao wa ofisi wajulishwe mapema kwa maandishi.

Katika Windows, diski zilizo kwenye lango linaloruhusu huonekana katika alama ya kuondoa kifaa kwa usalama, iliyopo pembeni mwa saa chini ya skrini. Isipoonekana hapo, msimamizi anaweza kuingia sehemu ya usimamizi wa diski na kuiweka diski husika nje ya matumizi. Mfumo ukikataa kwa maelezo kwamba kifaa kinatumika, ujumbe huo uheshimiwe. Ipo programu inayoshikilia faili, na haina budi kutafutwa.

Katika Linux, amri ya lsblk huorodhesha diski na sehemu zake, na amri ya umount huitenga sehemu inayotumika huku ikilazimisha data yote iliyosubiri iandikwe. Ikikataa, lsof au fuser huonyesha programu inayoshikilia faili. Kazi haiishii hapo, kwani diski iliyotengwa bado ina umeme na bado inazunguka. Inatakiwa kuiambia kernel iiachilie diski yenyewe, kwa mfano kwa kuandika tarakimu 1 katika faili la /sys/block/sdb/device/delete, ambapo sdb ni jina la diski inayotolewa. Kwa diski za SATA, amri hiyo humaliza kuandika kilichobaki na kisha kusimamisha mzunguko. Amri ya udisksctl power-off hufanya kazi hiyo hiyo kwa lugha iliyo rahisi zaidi.

Majina kama sdb na sdc si ya kudumu. Kompyuta ikizimwa na kuwashwa, diski iliyokuwa sdb jana inaweza kuwa sdc leo. Anayefanya kazi hii kwa kukumbuka herufi anacheza bahati nasibu na kumbukumbu za watu. Kitambulisho cha kuaminika ni namba ya usajili iliyochapishwa na kiwanda kwenye lebo ya diski, ambayo pia husomwa na kompyuta kupitia saraka ya /dev/disk/by-id au programu ya smartctl.

Seva yenye diski nyingi

Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha andiko lililoeleza namna diski kadhaa za bei nafuu zinavyoweza kuunganishwa na kufanya kazi kama moja, kwa namna ambayo kufa kwa mojawapo hakupotezi data. Mpangilio huo, RAID, ndio unaoifanya kazi ya kubadilisha diski bila kuzima iwe na maana. Katika RAID 1, diski mbili hubeba data ile ile. Katika RAID 5, data husambazwa katika diski tatu au zaidi pamoja na hesabu maalumu inayowezesha kupata upya kilichokuwa kwenye diski moja iliyopotea. RAID 6 huvumilia kupotea kwa mbili.

Ichukuliwe seva ya RAID 5 yenye diski nne, na moja imekufa. Huduma inaendelea, na watumishi hawaoni tofauti ila uzito kidogo. Kwa wakati huo seva haina tena akiba yoyote. Diski tatu zilizobaki zinahitajika zote. Fundi akifika, akahesabu nafasi kuanzia kushoto wakati seva inahesabu kuanzia kulia, au akaanzia moja wakati seva inaanzia sifuri, atachomoa diski nzima badala ya iliyokufa. Papo hapo mpangilio wote unasimama. Mara nyingine wataalamu hufanikiwa kuurejesha kwa kurudisha diski ile ile mahali pake bila kuandika chochote juu yake. Mara nyingine hawafanikiwi, hasa pale aliyekosea anapohaha na kubonyeza amri ya kuanzisha mpangilio upya.

Ndiyo maana kabla ya kugusa trei, inashauriwa namba ya usajili ya kila diski iwe imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya seva, ikionyesha ipo nafasi gani. Seva nyingi pia huweza kuwasha taa ya trei moja kwa amri, ili fundi aione kwa macho. Taa ya rangi ya chungwa huashiria kasoro katika seva nyingi, lakini watengenezaji hawana lugha moja ya taa, na kitabu cha seva husika ndicho cha kufuatwa. Pale ambapo diski iliyokufa haiwezi hata kuwasha taa yake, njia ya kinyume hufaa: diski nzima huamriwa zisome data, na trei ambayo taa yake haimeti ndiyo inayotafutwa.

Kwa RAID inayoendeshwa na Linux yenyewe, amri ya mdadm hutumika kwanza kuitangaza diski kuwa mbovu, kisha kuiondoa katika kundi, na baada ya kuweka mpya, kuiongeza. Faili la /proc/mdstat huonyesha maendeleo ya ujenzi. Seva zenye kadi maalumu ya RAID huwa na programu yake, na nyingi huanza ujenzi zenyewe mara diski mpya inapoingia.

Diski mpya isipungue ukubwa wa ile ya zamani hata kidogo. Diski mbili zilizoandikwa terabaiti sawa kwenye boksi zinaweza kutofautiana kwa kiasi kidogo, na inayopungua hukataliwa. Vilevile, baadhi ya diski za bei nafuu huandika data kwa mtindo wa SMR, ambapo mistari ya data hupandana kama vigae vya paa. Zinafaa kwa kutunza mafaili yasiyobadilika, lakini ndani ya RAID huchelewesha ujenzi kupita kiasi.

Ujenzi huo ndio kipindi cha hatari zaidi. Diski ya terabaiti 8 inayoandikwa kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde huhitaji karibu saa 15 bila kupumzika, na seva inayoendelea kuhudumia watu huchukua muda mrefu zaidi. Katika muda wote huo diski tatu zilizobaki, ambazo mara nyingi zilinunuliwa siku moja na iliyokufa na zimezeeka pamoja nayo, husomwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Hati za watengenezaji wa diski za kawaida hutaja kiwango cha juu cha kosa moja la usomaji kwa kila biti 10 kwa kipeo cha 14, sawa na takriban terabaiti 12.5. Katika mfano huu zinasomwa terabaiti 24. Kwa kawaida diski hufanya vizuri kuliko kiwango hicho, lakini hesabu hiyo inatosha kueleza kwa nini wasimamizi wa seva kubwa walihamia RAID 6, na kwa nini nakala rudufu inapaswa kuchukuliwa na kujaribiwa kabla trei haijavutwa. RAID si nakala rudufu. Faili likifutwa kwa bahati mbaya, hufutwa katika diski zote kwa wakati mmoja.

Mkono unapofika kwenye trei

Umeme tuli wa mwili huweza kufikia maelfu ya volti bila mtu kuhisi chochote, na sehemu ndogo za kielektroniki huharibiwa na kiasi kidogo zaidi ya hapo. Hewa kavu huzidisha tatizo hili. Fundi wa Dodoma ana sababu zaidi ya kuwa mwangalifu kuliko mwenzake wa Tanga, ingawa chumba cha seva chenye kiyoyozi hukausha hewa hata ufukweni. Mkanda wa mkononi uliounganishwa na fremu ya seva ndio kinga bora. Usipokuwepo, fundi aguse chuma kisichopakwa rangi cha seva kabla ya kugusa diski, na aishike diski kwa kingo zake tu.

Komeo linapofunguliwa, trei huvutwa sentimita mbili au tatu, kiasi cha kuachana na plagi, kisha husubiriwa. Nusu dakika hutosha kwa diski nyingi kusimama. Mtu huweza kuhisi kwa kiganja mtetemo unavyofifia. Baada ya hapo ndipo huvutwa yote, kwa mikono miwili. Diski mpya husukumwa kwa mwendo mmoja usiosita, wala si kwa kishindo, hadi komeo lifunge. Pale inapoanza kuzunguka, diski ya inchi 3.5 inaweza kuvuta karibu ampea 2 kwenye volti 12, kiasi kinachozidi mara kadhaa matumizi yake ya kawaida. Kwa sababu hiyo diski haziingizwi mbili kwa mpigo. Trei isiachwe wazi kwa muda mrefu pia, kwani pengo hilo huharibu mkondo wa hewa inayopoza diski nyingine.

Kazi hii haifai kufanywa wakati umeme unayumba. Iwapo seva inategemea betri ya akiba, hali ya betri ikaguliwe kwanza.

Diski za nje za USB

Mwananchi wa kawaida hukutana na jambo hili kupitia diski ya nje au flashi. Plagi ya USB iliundwa kuchomolewa wakati wowote, na tangu toleo la 1809 la Windows 10, mwaka 2018, mpangilio wa kawaida wa vifaa hivyo ni ule wa kutolewa haraka, ambapo data haicheleweshwi katika kumbukumbu ya muda. Nafuu hiyo haimaanishi kwamba kifaa kinaweza kutolewa kikiwa katikati ya kuandika. Aidha, flashi ile ile ikichomekwa kwenye kompyuta yenye mpangilio mwingine, nafuu hiyo haipo. Kubofya alama ya kuondoa kwa usalama huchukua sekunde tatu, na kwa diski ya nje yenye sahani kuna faida ya ziada ya kuipa nafasi ya kutulia kabla ya kuwekwa mkobani.

Diski iliyotolewa

Diski iliyokufa haijafa kwa kila mtu. Mara nyingi kilichoharibika ni ubao wake wa umeme au kichwa, huku majina, namba za simu na vipimo vya wagonjwa vikiwa bado kwenye sahani, na fundi mwenye vifaa anaweza kuvisoma. Kuifomati kwa haraka hufuta orodha ya mafaili tu, si yaliyomo. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu kuzilinda kiusalama. Diski inayotoka kwenye seva na kuishia kwa muuza vyuma chakavu ni udhaifu wa wazi katika ulinzi huo.

Diski inayofanya kazi bado ifutwe kwa kuandikwa upya yote kabla ya kugawiwa. Kwa SSD, itumike amri ya ufutaji ya kiwanda, kwa kuwa kuandika juu hakufikii sehemu zote. Ambayo haisomeki tena itobolewe sahani zake au isagwe mbele ya shahidi, na namba yake ya usajili iandikwe katika daftari la mali. Ikiwa iko ndani ya dhamana na muuzaji anaidai irudishwe, taasisi yenye taarifa nyeti inaweza kununua mkataba unaoiruhusu kubaki na diski mbovu. Njia nyepesi zaidi ni kusimba data yote tangu siku seva inapofungwa, ili diski itakapotoka, kwa sababu yoyote ile, itoke bila ufunguo wake.